Mchezo Wenye Lengo: Burudani Inavyowasaidia Watu Wenye Ulemavu

Katika familia nyingi, mtu mwenye ulemavu hupelekwa kliniki, hufanyishwa mazoezi, kisha hurudishwa nyumbani kuketi. Watoto wenzake wanapokwenda kucheza, yeye huachwa mlangoni asije akaumia. Nia ni njema, lakini madhara yake ni makubwa. Misuli isiyotumika hunyauka, viungo hukakamaa, na upweke humfanya mtu akate tamaa hata ya kwenda kliniki. Somo letu katika toleo hili ni tiba kupitia burudani, yaani kutumia michezo, muziki, sanaa au kazi za bustani ili kurejesha uwezo uliopotea au kukuza ule uliopo.

Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi kutoka Ujerumani, alianza kusimamia kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Siku hizo, wengi wa majeruhi hao waliachwa kitandani, wakafariki mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann alihakikisha wanageuzwa mara kwa mara, kisha akaifanya michezo kuwa sehemu ya matibabu. Kuvuta upinde, kwa mfano, kuliimarisha mikono, mabega na kiwiliwili, sehemu ambazo mtu wa kiti cha magurudumu huzitegemea ili kujisukuma na kujihamisha.

Julai 29, 1948, siku Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 wa vita walishindana kulenga shabaha katika hospitali hiyo. Mashindano hayo ndiyo chimbuko la Michezo ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972 mjini Heidelberg, Ujerumani.

Si lazima mtu atafute medali ili anufaike. Kinachotofautisha burudani ya kawaida na ile ya tiba ni lengo. Chukua mfano wa mzee aliyepata kiharusi, ambaye vidole vya mkono wake wa kulia vimeanza kusogea kidogo. Ukimwambia afungue na kufunga vidole mara 50, atachoka kabla ya kumaliza. Mwekee drafti ya vizibo vya soda, asogeze kete kwa mkono huo huo. Vidole vitafanya kazi ile ile, akili itafikiri, na jirani atapata sababu ya kuja kuketi naye.

Mlezi anaweza kufuata hatua hizi:

1. Muulize mwenyewe anachopenda. Mchezo wa kulazimishwa hauna tofauti na adhabu.

2. Wekeni lengo moja dogo, kwa mfano kuketi bila kuegemea kwa dakika tano, au kumsalimu mchezaji mwenzake.

3. Badilisheni mchezo umfae mtu. Katika voliboli ya kuketi, wavu hushushwa hadi mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Kwa asiyeona, shoneni mpira wa matambara wenye kikopo cha mahindi makavu ndani, ili aufuate kwa sauti.

4. Andikeni maendeleo kila wiki katika daftari, na mlibebe siku ya kliniki.

5. Zingatieni usalama. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu wa kumwangalia kwa karibu. Asiyehisi miguu akaguliwe ngozi baada ya mchezo, kwa kuwa anaweza kuchubuka bila kujua. Maumivu yakizidi, acheni na mtafute ushauri wa mhudumu wa afya.

Burudani haichukui nafasi ya dawa wala ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Hufanya kazi pamoja nazo, na kwa kuwa mtu huifurahia, ni rahisi kuiendeleza nyumbani.

Kucheza pia ni haki. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinatambua haki ya kushiriki utamaduni, burudani na michezo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 nacho kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aweze kufika mahali pa umma. Kwa hivyo, walimu, viongozi wa dini na wasimamizi wa viwanja wanapopanga siku ya michezo, waulize mapema: je, kiti cha magurudumu kitapita langoni? Je, choo kinafikika?

Ikiwa una mtu mwenye ulemavu nyumbani, zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au ufike katika kituo cha afya kilicho karibu, uelezwe ni mchezo gani unaomfaa kuanza nao.