KARAMA NYINGI, ROHO NI MMOJA

Somo la kusoma: 1 Wakorintho sura ya 12 na ya 13

Kijana mwenzangu, karatasi hii umepewa bure. Usiitupe, wala usifungie karanga. Kaa chini ya mti uisome mpaka mwisho, maana inakuhusu.

Wewe ni mtu wa Usukuma, unawajua Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma, vimeshindana tangu enzi za mababu. Mavuno yakiisha, kila upande unapiga ngoma yake uwanjani. Mmoja anacheza na nyoka, mwingine ana mbwembwe zake, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Watu wanakimbia huku, wanakimbia kule. Sasa nikuulize: je, Kanisa nalo ni hivyo? Wanenao kwa lugha upande huu, waimbaji upande ule, tuone nani ana watu wengi?

Nitakueleza jambo lililonipata, na linanitia aibu.

TULIVYOAIBISHWA

Tulikuwa na mkutano wa Injili wa siku tano katika kijiji kimoja huku kwetu Simiyu. Siku ya tatu ukatokea ugomvi. Waombaji walisema watu wanaokoka kwa sababu ya maombi yao ya usiku. Kwaya wakasema, hapana, watu wanafuata nyimbo. Mimi mhubiri nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa nasema, "Wote hao wanakuja kunisikiliza mimi." Jioni ile kwaya iligoma kuimba. Maji ya kupikia yalikwisha, na hakuna aliyetaka kwenda kisimani, kila mtu eti ana huduma kubwa.

Kijana mmoja alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake. Akacheka, akasema, "Kumbe na ninyi ni Bagika na Bagalu!" Akapanda baiskeli akaenda zake.

Neno lile lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Maana alisema kweli.

KORINTHO NAKO ILIKUWA HIVYO

Korintho ni mji wa Ugiriki. Zamani zile ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, na watu wa kila aina. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa pale kama mwaka wa 55 baada ya Kristo. Walikuwa na karama nyingi sana, lakini walikuwa wamegawanyika. Mmoja alijiita mtu wa Paulo, mwingine mtu wa Apolo. Waliojaliwa kunena kwa lugha walijiona wako juu, wengine wakajiona si kitu. Paulo hakuwaambia waache karama. Aliwaonyesha zinatoka wapi na ni za kazi gani.

1. KARAMA NI NINI?

Karama ni zawadi. Hununui, husomei, hurithi kwa babu. Roho Mtakatifu anaigawa kama apendavyo Yeye. Katika sura ya 12 zimetajwa tisa: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, aina za lugha, na kutafsiri lugha. Ukisoma Warumi 12 utakuta nyingine: kuhudumu, kufundisha, kutoa, kusimamia, kuwahurumia watu. Umeona? Anayenena kwa lugha na anayemhudumia mgonjwa wote wamepewa na Roho yule yule. Sasa nani amjivunie mwenzake kwa kitu alichopewa bure?

2. KWA NINI ZINATOFAUTIANA?

Wewe umelima pamba, au umeishi na wanaolima. Tunda moja likipasuka, ndani kuna nyuzi na kuna mbegu. Kiwandani wanavitenga. Nyuzi zinakwenda kuwa nguo. Mbegu inakamuliwa mafuta ya kupikia. Yanayobaki ni mashudu, chakula cha ng'ombe. Shina ni moja, lakini linavisha, linalisha, linanenepesha mifugo. Kama pamba yote ingekuwa nyuzi, mwaka ujao ungepanda nini?

Paulo alitumia mfano wa mwili. Mwili wote ukiwa jicho, utasikia kwa nini? Mguu hauwezi kujitoa mwilini kwa sababu si mkono. Na viungo vile vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika sana. Mwiba ukikuchoma kisiginoni shambani, macho yanatafuta, mgongo unainama, vidole vinang'oa. Mwili mzima unashughulika kwa ajili ya kisigino!

Historia ya huku kwetu nayo inafundisha. Nassa, ambayo leo iko wilaya ya Busega, Injili ilifikishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS katika karne ya 19. Mwaka 1909 wakakabidhi kituo kile kwa misheni ya AIM, na kazi hiyo ikaja kuwa Africa Inland Church Tanzania. Mmoja alipanda, mwingine akamwagilia. Aliyekuza ni Mungu.

3. UTAIJUAJE KARAMA YA KWELI?

Hapa usikilize sana. Kwenye mzani wa pamba kuna pamba safi na pamba fifi. Tena kuna mjanja anatia maji na mchanga ili kilo ziongezeke. Karama nazo zinatiwa mchanga. Kipimo kimewekwa wazi katika sura hiyo ya 12: kila mtu amepewa kwa faida ya wote.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Roho amenionyesha kwamba bibi yako ndiye mchawi aliyemuua mtoto," wewe kataa! Usukuma wetu umemwaga damu ya bibi wengi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale ni moshi, mwenzangu, moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia miaka yote wakikulea wewe. Kupambanua roho ni karama ya kumfungua aliyefungwa, si ya kumnyoshea bibi kidole ili akatwe panga. Unaowagawa watoto na mama yao haujengi mwili, hautoki kwa Roho wa Kristo.

Ndiyo maana baada ya sura ya 12 inakuja ya 13, inayohusu upendo. Ukinena lugha zote na huna upendo, wewe ni debe tupu linalogongwa.

KIJANA WA BAISKELI

Utauliza, yule kijana aliishia wapi? Usiku ule tuliitana, tukatubu. Mimi mhubiri nilikuwa wa kwanza kupiga magoti. Asubuhi nilikwenda kisimani na ndoo. Nikamkuta mama mmoja mjane wa kanisa la pale. Huyu hajui kusoma, hajawahi kushika kipaza sauti. Alikuwa anachota ndoo mbili: moja ya kwetu, moja ya mama mgonjwa wa jirani ambaye alikuwa akimpelekea maji na uji kwa wiki nzima.

Mama yule mgonjwa ndiye aliyemzaa kijana wa baiskeli.

Siku ya tano kijana alikuja mwenyewe mbele. Nikamuuliza, "Ni neno gani katika mahubiri limekugusa?" Akasema, "Mahubiri sikuyasikia vizuri. Nimeona yule mama anavyomhudumia mama yangu. Nataka huyo Yesu wake." Siku tano nilipiga kelele, lakini aliyemleta ni mama wa ndoo. Tazama mstari wa 28: karama ya kuwasaidia watu imetajwa humo humo pamoja na miujiza.

NA WEWE JE?

Labda unasema, "Mimi sikusoma, mimi ni mchunga ng'ombe, nina kazi gani kwa Mungu?" Mdogo wangu, mwili una nafasi yako, na ikikosa mtu tunachechemea. Lakini usianze kutafuta karama, anza na Mwenye kuzitoa. Tubu dhambi, mpokee Yesu. Ukitaka, omba hivi kwa moyo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe, niingie katika mwili wako. Nipe Roho wako, unitumie kwa faida ya wengine. Amina."

Ukiomba hivyo, tafuta watu wa Mungu waliookoka karibu nawe, ukae nao.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Karama tisa za 1 Wakorintho 12 ni zipi?
2. Kipimo cha karama ya kweli ni nini?
3. Jirani yako nani anahitaji ndoo ya maji leo?

Ukimaliza, mpe mwenzako karatasi hii. Mungu akubariki!