Sauti inakatika: nihame Linux Mint?

SWALI: Kompyuta yangu ya nyumbani ina Linux Mint 21. Sauti hukatika-katika nikitazama video, na siku nyingine spika hazionekani kabisa. Nihamie Fedora?

JIBU: Ijaribu kwanza. Iweke Fedora kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo bila kusakinisha chochote, kisha cheza video ya YouTube. (Faili zako za MP4 huenda zikagoma, Fedora haiji na kodeki zote.)

Una matatizo mawili, si moja. Kukatika mara nyingi hutokana na programu inayogawa sauti. Mint 21 inatumia PulseAudio, ilhali Fedora ilihamia PipeWire mwaka 2021, na Mint yenyewe ikafuata katika toleo la 22, mwaka 2024. Kwa hiyo huenda dawa yako ni kupandisha toleo tu.

Spika kupotea ni suala la ngazi ya chini zaidi. Siku spika zikipotea, fungua terminali uandike aplay -l. Kadi ya sauti isipoorodheshwa, tatizo liko kwenye keneli au femiwea, na PipeWire haitakusaidia. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni huhitaji femiwea iitwayo SOF. Hapo ndipo keneli mpya ya Fedora inapoweza kukufaa.

Mimi ningeanza na Mint 22, inayohudumiwa hadi 2029. Kila toleo la Fedora huhudumiwa takriban miezi 13, na kompyuta ya familia haihitaji pilikapilika za kupandisha toleo kila mara. Vyovyote utakavyoamua, nakili faili zako kwenye diski ya nje kwanza.