Ukiwapeleka wazazi matembezini, fuata mwendo wao

"Baba, umechoka?"

"La, mwanangu. Twendeni tu."

Jibu hilo nililipata mara tatu siku moja ya mwezi wa Februari, katika bustani moja ya wanyama huko pwani. Mara ya nne sikuhitaji kuuliza. Baba alikuwa ameshika shina la mti, jasho baridi limemjaa usoni, na miguu inamtetemeka. Tulimlaza kivulini, tukamwinua miguu na kumpepea kwa leso ya mama. Alipopata nguvu tulimpeleka zahanati, na huko daktari akaniuliza maswali matatu tu: Amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi? Amekula saa ngapi? Anatumia dawa zipi?

Mimi niliyekuwa nimekariri bei ya kiingilio na saa ya twiga kulishwa, sikuwa na jibu hata moja. Baba mwenyewe ndiye aliyejibu. Tangu chai ya alfajiri hakuwa amekunywa kitu, kwa sababu hakutaka kuwasumbua wajukuu kila mara kwa kutafuta choo. Na kidonge chake cha shinikizo la damu, kile cha kupunguza maji mwilini, alikuwa amekimeza kama kawaida.

Somo letu la juma hili ni juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa furaha tupu lisilohusiana na afya, yaani kuwatembeza wazazi waliostaafu kwa siku moja. Mtoto amepata likizo na anataka kuwalipa wazazi fadhila. Ni jambo jema. Lakini aghalabu siku hiyo moja hujazwa mambo ya siku tatu, na mwili unaolipa gharama ni wa mzee. Tena mzee hasemi. Hataki kuonekana mzigo, na hataki fedha za mwanawe zipotee bure. Kwa hivyo ni lazima mpango wenyewe umsemee.

Mwili wa mzee na joto

Kadiri umri unavyosonga, kiu hupungua. Mzee anaweza kuwa amepungukiwa na maji mwilini na bado asihisi hamu ya kunywa. Figo nazo hazihifadhi maji vyema kama zamani. Jasho hutoka kidogo, na moyo hausukumi damu kuelekea kwenye ngozi kwa wepesi ule wa ujana, ilhali hizo ndizo njia ambazo mwili hutumia kujipoza.

Pwani huongeza tatizo jingine. Jasho hupoza mwili linapokauka, lakini hewa ya Mombasa imejaa unyevu, hivyo jasho hudondoka tu bila kukauka. Mzazi aliyetoka Nyeri au Kericho jana hajazoea hali hiyo. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kulizoea joto, na yeye ana siku moja tu.

Kisha kuna dawa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini humfanya mtu apoteze maji na chumvi zaidi. Baadhi ya dawa za shinikizo hushusha damu ghafla mtu anaposimama, hasa akiwa na kiu, na huo huwa mwanzo wa kuanguka. Dawa nyingine za moyo huuzuia moyo kwenda mbio hata pale joto linapoudai ufanye hivyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushukiwa na sukari akitembea sana huku chakula kikichelewa. Haya hayana maana kwamba dawa ziachwe. Kuacha dawa bila ushauri wa daktari ni hatari kubwa zaidi.

Kabla ya safari

Kwanza, waulize wazazi wenyewe wanataka kuona nini. Huenda wewe unafikiria bembea za mitambo na mabwawa ya kuteleza, kumbe mama anataka tu kuona kiboko na kuketi mahali penye upepo. Bembea za kurusha na kuzungusha kwa kasi hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo lisilodhibitiwa, maumivu ya mgongo au mifupa iliyokonda. Wajukuu wapande, nao wazee watazame kutoka kivulini.

Pili, chagua majira. Joto la Mombasa huwa kali zaidi kati ya Januari na Machi, ambapo mchana hufikia nyuzi 32 au 33 za Selisiasi. Julai na Agosti hali huwa afadhali. Ikiwezekana, wazazi wafike siku moja kabla, walale, ndipo watoke asubuhi. Mtu aliyekesha garini asipelekwe matembezini moja kwa moja.

Tatu, juma moja kabla wapeleke kliniki. Wapimwe shinikizo na sukari, na daktari aulizwe saa ya kumeza dawa siku hiyo, hasa ile ya kupunguza maji, na kiasi cha maji kinachofaa. Wagonjwa wa moyo au figo walioambiwa wapunguze maji wafuate kiasi walichopangiwa, wala si ushauri wa gazeti.

Nne, safari yenyewe. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Kuketi saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu. Mzee na asimame na kutembea kidogo kila baada ya saa moja au mbili; asipoweza, azungushe vifundo vya miguu akiwa kitini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akiishiwa na pumzi na kuumwa na kifua, asingoje. Apelekwe hospitali mara moja.

Mfano wa siku yenyewe

Tuchukue bustani ya Haller iliyoko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya Malindi. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji, kazi iliyoanza mwaka 1954. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alianza kupanda miti katika mashimo hayo makavu. Mvinje ulistahimili, na majongoo wakaletwa wale majani yake yaliyoanguka na kuyageuza kuwa rutuba. Leo pana msitu, vidimbwi, twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa. Mzazi aliyekuwa mkulima au mwalimu huenda akaifurahia habari ya majongoo kuliko habari ya mamba. Tena kivuli cha miti hiyo ni msaada mkubwa kwa afya yake.

Asubuhi na mapema wazazi wale kifungua kinywa kamili na kumeza dawa kama walivyoelekezwa. Fikeni mara lango linapofunguliwa, jua likiwa bado pole. Langoni ulizeni mambo manne kabla ya kumtafuta twiga: vyoo viko wapi, viti viko wapi, wanyama hulishwa saa ngapi, na kama tiketi inaruhusu kutoka na kurudi.

Chagueni vitu viwili au vitatu tu vya kuona asubuhi. Kila baada ya dakika 20 au 30, ketini. Hapa ndipo penye siri kubwa ya somo hili: usimwulize mzazi kama amechoka. Sema, "Mama, mimi nimechoka, tuketi kidogo." Vivyo hivyo usimwulize kama anataka choo. Sema, "Baba, naenda msalani, tuandamane." Maji nayo yanywewe na wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, kikombe kimoja kila saa kwa yule ambaye hajakatazwa. Wanaume wengi wazee wana tezi ya kibofu iliyokua, na akina mama wengi waliozaa hushindwa kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Wakiona choo ki karibu na hakuna anayehesabu safari zao, watakunywa.

Kati ya saa 5.30 mchana na saa 9.30 alasiri, matembezi yakome. Huu ni wakati wa kula mahali penye kivuli na upepo, kuvua viatu na kusinzia. Usione kwamba muda unapotea. Kupumzika huko ndiko kunakomwezesha mzee kuimaliza siku. Alasiri rudini kwa jambo moja tu, labda kuwaona wanyama wakilishwa, kisha mwende zenu kabla giza halijaingia. Njia yenye mawe au mizizi ni ya hatari kwa mtu ambaye macho yake hayaoni vyema magharibi.

Mkoba wa siku

Mtu mmoja mzima, wala si mtoto, abebe mkoba wenye vitu hivi:

– Dawa za siku mbili katika paketi zake, na karatasi yenye majina na vipimo vyake. Safari inaweza kuchelewa.

– Kitambulisho, kadi ya kliniki, na nambari ya usajili wa SHA, mpango wa bima uliochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

– Maji ya kutosha, ndizi au mkate, na sukari au soda ya kawaida kwa mwenye kisukari endapo sukari itashuka.

– Insulini, kama inatumika, ikiwa ndani ya chombo cha kuhifadhi baridi. Isiachwe ndani ya gari juani, wala isigusane na barafu, kwani ikiganda haifai tena.

– Kofia pana au mwavuli, leso ya kulowesha, miwani, na mkongojo hata kama mzee anasema hauhitaji.

Nguo ziwe za pamba, nyepesi na zisizobana. Viatu viwe vile alivyokwisha kuvizoea. Wengi humnunulia mzazi viatu vipya kwa ajili ya safari, na hilo ni kosa, hasa kwa mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi. Kiatu kinaweza kumchubua bila yeye kuhisi, na kidonda hicho kikachukua miezi kupona.

Dalili za hatari

Uchovu wa joto huanza kwa kizunguzungu, kuumwa na kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza na jasho jingi, huku ngozi ikiwa baridi na yenye unyevu. Mpeleke kivulini, mlaze, mwinue miguu, mlegeze nguo, mloweshe na kumpepea. Kama ana fahamu kamili, mpe maji kidogo kidogo. Asipopata nafuu katika muda wa nusu saa, mpeleke kwa daktari.

Mzee akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzimia, huku mwili wake ukiwa moto sana, huo ni ugonjwa wa joto kali na maisha yake yamo hatarini. Mwagilieni maji mwili mzima, mpepeeni, wekeni vitu baridi shingoni, makwapani na kwenye mapaja karibu na kinena, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Mtu asiye na fahamu kamili asinyweshwe chochote.

Mwenye kisukari akitetemeka, akatoka jasho la ghafla, akawa na njaa kali au hasira zisizo za kawaida, huenda sukari imeshuka. Akiwa anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15; asipopata nafuu, rudia. Kisha ale chakula.

Baada ya matembezi

Siku ya pili iwe ya kupumzika. Kagua miguu ya wazazi kama ina malengelenge. Usiku wa pwani walale ndani ya chandarua, kwani watu wa nyanda za juu hawana kinga ya kutosha dhidi ya malaria. Homa ikitokea juma moja au zaidi baada ya kurudi nyumbani, isidhaniwe kuwa ni uchovu wa safari. Wapimwe damu, na daktari aelezwe kwamba walikuwa pwani.

Bustani hiyo ya Haller ndiyo iliyompokea Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Kwa kukosa mama, alimwandama kobe mmoja mkubwa aliyeitwa Mzee, akilala anapolala na kwenda anapokwenda, kwa mwendo wa kobe. Picha zao zilizunguka ulimwengu mzima. Mwaka uliofuata tuliporudi pwani na baba, tulimaliza siku nzima tukiwa tumeona vitu vitatu tu. Jioni alituambia kwamba ameshiba kutembea, na safari hii nilimwamini.

Jipime

1. Kwa nini mzee anaweza kupungukiwa na maji bila kuhisi kiu?

2. Wazazi wako wanatumia dawa zipi, na humezwa saa ngapi?

3. Utafanya nini kwanza mzee akianza kuchanganyikiwa kwa sababu ya joto?

4. Utasema nini badala ya kuuliza, "Umechoka?"