FAIDA NI YAO, HASARA NI YETU?
Fundisho la Ijumaa juu ya amana, dhamana na primu za wakubwa



 Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena siku hii ya Ijumaa, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Fundisho la leo linahusu jambo lililotokea Marekani mwaka 2008 na 2009, ambalo mpaka sasa watu wengi wanalitaja kwa uchungu. Kampuni kubwa ilianguka kwa makosa ya watu wake wenyewe. Mali ya watu wote ikatumiwa kuiokoa. Kisha watumishi wa sehemu ileile iliyoleta maangamizi wakalipwa primu. Wananchi wakakasirika sana.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Marekani, sisi wa Kongo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, hasara ile ilifika mpaka kwenye migodi yetu. Pili, swali lenyewe limo ndani ya fikihi yetu: nani ana haki ya kula faida, na nani anapaswa kubeba hasara?

1. MAMBO YALIVYOKUWA

Kampuni hiyo inaitwa AIG. Ni kampuni ya bima, au asiransi kama tulivyozoea kusema. Ndani yake kulikuwa na sehemu ndogo ya watu mia kadhaa, na kazi yao kubwa ilikuwa kuuza dhamana. Waliziambia banki: "Ninyi kopesheni. Wakopaji wakishindwa kulipa, sisi tutawalipa." Banki zikawa zinawapa ada kila mwaka. Ada iliingia, faida ikahesabiwa, na mafungu makubwa yakagawanywa kwa watumishi. Lakini hawakuweka pembeni mali ya kutosha kwa ajili ya siku ya kudaiwa. Waliamini siku hiyo haitafika.

Ikafika. Watu wengi Marekani walikuwa wamekopeshwa pesa za kununua nyumba bila kuwa na uwezo wa kulipa. Kuanzia mwaka 2007 madeni hayo yakaanza kuoza. Banki zikaigeukia AIG na kudai rehani ya zile dhamana, na AIG haikuwa nayo. Tarehe 15 Septemba 2008 banki ya Lehman Brothers ilitangaza kufilisika. Kesho yake, tarehe 16, Banki Kuu ya Marekani ikatangaza kuikopesha AIG dola miliari 85, ndiyo kusema milioni elfu 85, na Serikali ikachukua karibu sehemu 80 kwa 100 za kampuni. Baadaye msaada ulioahidiwa ukafika karibu miliari 182.

Mwanzoni mwa Machi 2009, AIG ilitangaza kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2008 ilipata hasara ya dola miliari 61.7. Hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imepata kutangaza hasara kama hiyo kwa miezi mitatu. Na katikati ya mwezi huohuo, watumishi wa ile sehemu ya dhamana wakalipwa primu za dola milioni 165 hivi. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alionyesha kwamba watu 73 walipata dola milioni moja au zaidi kila mmoja, na 11 kati yao walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Tena primu hizo ziliitwa malipo ya kuwafanya wasiondoke!

Wakati huo watu wengi walikuwa wanafukuzwa kazi, na familia nyingi zinatolewa nyumbani kwa sababu ya deni. Hao hawakuokolewa hivyo. Ndipo hasira ikawaka.

2. KAMPUNI ILIJIBU NINI

Haki inataka tusikie pande zote mbili. Mkubwa wa AIG wa wakati ule, Edward Liddy, hakuwa yeye aliyeleta hasara. Aliletwa Septemba 2008 baada ya kampuni kuanguka, na alikubali mshahara wa dola moja kwa mwaka. Alipohojiwa na Bunge tarehe 18 Machi 2009, alisema kwamba primu zile ziliahidiwa kwa mkataba mwanzoni mwa 2008, kabla ya mali ya Serikali kuingia, na kwamba yeye mwenyewe hazikumpendeza. Alisema amewaomba waliopata dola 100,000 na zaidi warudishe angalau nusu.

Muislamu hawezi kuidharau hoja hiyo. Dini yetu inaamuru kutimiza mikataba, na mwenye kuvunja ahadi anahesabiwa katika sifa za wanafiki. Basi je, walikuwa na haki? Tuangalie fikihi.

3. FIKIHI INATUFUNDISHA NINI

Tuchukue mudaraba, ambayo vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi huiita pia kiradhi. Mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi, na faida wanagawana kwa fungu walilokubaliana. Tunajua kwamba Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume, alisafiri na mali ya Bibi Khadija mpaka Sham, akarudi na faida na amana yote.

Tuseme ndugu mmoja anampa kijana dola 500 anunue mchele na mawese vijijini aje auze Kindu. Wamepatana kugawana faida nusu kwa nusu. Safari ya kwanza inaleta faida ya dola 100, nao wanaiacha ndani ya biashara. Safari ya pili inakula dola 200. Sasa zimebaki dola 400. Kijana anasema: "Nipe 50 zangu za safari ya kwanza, ndivyo tulivyopatana." Wanazuoni wanasema hapana. Mfanyakazi hana fungu la faida mpaka rasilimali irudi kamili. Mwenye mali amepoteza mali, naye kijana amepoteza jasho lake. Hivyo ndivyo wanavyobeba hasara pamoja.

Na kama kijana alipakia mchele kwenye mtumbwi anaojua kwamba unavuja, hilo si bahati mbaya tena. Huo ni uzembe, na mwenye uzembe analipa. Anayeuza dhamana za mabilioni bila kuweka akiba amepakia mali za watu kwenye mtumbwi unaovuja.

Mtu atasema: watumishi wa AIG walikuwa wa mshahara, si washirika wa mudaraba. Ni kweli, na mshahara wao hatuugusi. Mfanyakazi alipwe kabla jasho halijakauka. Lakini primu kubwa kama zile huhesabiwa kuwa ni fungu la mafanikio. Hizi zilifungwa kwa mkataba ili zilipwe karibu sawa na za mwaka uliotangulia, hata kama sehemu yao ingepata hasara. Kwa hiyo walichukua fungu la mshirika bila kubeba mzigo wa mshirika.

Na mkataba je? Hapa tuangalie hukumu ya muflisi. Mtu akizidiwa na madeni, kadhi anaizuia mali yake, anaiuza, na wadai wanagawana kilichopo kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Hakuna anayelipwa kamili huku mwenzake anakosa. Kila mdai ana mkataba mkononi, na mikataba yote ni ya kweli, lakini mali haitoshi. Kama AIG ingeachwa ifilisike, waliokuwa na ahadi za primu wangesimama mstarini pamoja na wadai wengine. Walilipwa kamili kwa sababu mali ya watu wote iliingia. Ahadi ilitolewa na kampuni, lakini aliyeitimiza ni raia ambaye hakuwapo siku ya kuahidi.

Kwa hiyo hasira ya watu ilikuwa na msingi. Haikuwa husuda ya maskini kwa tajiri. Tajiri aliyepata kwa halali na kubeba hatari yake mwenyewe, Uislamu haumchukii. Kinachokatazwa ni mtu kula faida peke yake na kuwagawia wenzake hasara.

4. HASIRA NAYO INA KIPIMO

Hata hivyo, ndugu zangu, mwenye haki naye anaweza kudhulumu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu ni yule anayejizuia wakati wa hasira. Na Qur'ani, katika Suratul-Maida, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu tu tunawachukia watu fulani.

Machi 2009 watumishi wa AIG walipokea vitisho vya kuuawa, wakashauriwa wasivae alama za kampuni barabarani. Walikuwamo wengi ambao hawakuuza hata dhamana moja. Seneta mmoja alisema hadharani kwamba wakubwa hao wangefaa kujiuzulu au kujiua, kisha akajirudi. Tarehe 19 Machi Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 328 dhidi ya 93 kodi ya sehemu 90 kwa 100 juu ya primu za namna hiyo, lakini Seneti haikuipitisha na haikuwa sheria. Wengi waliopata mafungu makubwa waliahidi kurudisha.

Lipo na jambo la pili. Linganisheni milioni 165 na miliari 182. Haifiki hata franka moja katika kila franka elfu. Macho ya watu yote yalikuwa juu ya hiyo franka moja. Siku zilezile AIG ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mali iliyookolewa ilipitia kwake tu na kwenda kwa banki: Goldman Sachs dola miliari 12.9, Société Générale ya Ufaransa miliari 11.9, Deutsche Bank ya Ujerumani miliari 11.8. Banki zilizonunua dhamana zile zililipwa thamani kamili, wakati muflisi wa kawaida hamlipi mdai wake hivyo. Hilo nalo liliulizwa, lakini kelele zake zilikuwa ndogo kuliko za primu.

Mtu akiibiwa ng'ombe na kamba yake, asitumie nguvu zote kudai kamba.

5. MWISHO WAKE

Desemba 2012 Serikali ya Marekani iliuza hisa zake za mwisho za AIG na kutangaza kwamba, kwa hesabu zote, imepata faida ya dola miliari 22.7. Wengine wakasema: basi, hakuna aliyedhulumiwa. Hapana, ndugu zangu. Mweka hazina akichukua sanduku la msikiti akacheza nalo kamari, kisha likarudi na ziada, dhambi ya kuihatarisha amana inabaki. Tena waliotolewa majumbani mwao hawakurudishiwa nyumba kwa faida ile. Na uchunguzi wa jinai juu ya wakubwa wa ile sehemu ulifungwa mwaka 2010 bila mtu kushitakiwa.

Na kwetu? Shaba, iliyopita dola 8,000 kwa tani katikati ya mwaka 2008, ilishuka karibu na 3,000 mwezi Desemba. Kule Katanga, kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kampuni nyingi zilifunga au zikasimamisha kazi. Wachimbaji, wabeba magunia, na mama wanaouza chakula kwenye machimbo walikosa riziki. Hawakuwahi kuuza dhamana wala kuahidiwa primu. Hasara ilisafiri mpaka kwao, msaada haukusafiri.

6. TUNAFANYA NINI SISI?

Hatuna uwezo juu ya New York. Tuna uwezo juu ya likelemba yetu, sanduku la msikiti, chama cha mama, na biashara ya ndugu na ndugu. Humo ndimo hukumu hii inatuhusu kila siku. Basi tushike mambo manne:

Kwanza, kabla ya kupatana juu ya faida, tupatane juu ya hasara: ikija, ataibeba nani? Asiyetaka kusikia swali hilo, usimpe mali yako.

Pili, tuandike na tuweke mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Tusione haya kuandikiana, hata na mtoto wa mama mmoja.

Tatu, asigawiwe mtu fungu la faida kabla rasilimali haijahesabiwa mbele ya wenyewe. Zawadi ya mwenye kusimamia ije baada ya hesabu.

Nne, tusitoe dhamana tusiyoweza kuilipa. Kumdhamini mtu ni deni shingoni, si heshima ya mdomo.

Na tukimwona mkubwa, awe wa kampuni, wa Serikali au wa jumuiya yetu hii ya Waislamu, anakula faida na kutuachia hasara, tumwambie waziwazi, kwa hesabu mkononi na bila matusi. Kunyamaza si subira.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
a) Katika mudaraba, mfanyakazi anapoteza nini hasara ikija?
b) Kwa nini mkataba wa kweli usitoshe kumpa mtu mali ya muflisi yote?
c) Katika mali unayoshika kwa ajili ya wengine, lini mara ya mwisho uliwaonyesha hesabu?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atulinde na kula mali za watu kwa batili, awape faraja waliopoteza kazi na nyumba popote walipo, na atufanye watu wa kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Imamu
(Tafadhali karatasi hii isitupwe chini, ina majina matukufu. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)