Udahili, usajili na burse: maneno ya mwanamichezo anayechukuliwa na chuo

Kiswahili sanifu kina maneno mawili ambayo sisi wanafunzi huyatumia kila mwaka bila kuyatazama: udahili na usajili. La kwanza, lenye asili katika kitenzi cha Kiarabu cha kuingia, humhusu mtu anayekubaliwa chuoni kwa vyeti vyake. La pili limetoka kwenye daftari la kumbukumbu, na lina nyumba mbili. Mwanafunzi husajiliwa akishadahiliwa, na mchezaji wa mpira husajiliwa na klabu. Magazeti ya Dar es Salaam yakiandika kuhusu “dirisha la usajili”, hakuna msomaji anayefikiria ofisi ya chuo. Sasa, kijana anayeitwa na chuo kikuu cha Marekani kwa sababu ana mbio au ana urefu, amedahiliwa au amesajiliwa?

Naanza na swali la mtendaji. Katika udahili wa kawaida mwanafunzi ndiye anayeomba, na chuo hujibu. Kwa mwanamichezo kitenzi hugeuka: kocha ndiye anayeomba, na kijana ndiye anayeombwa. Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya, alipofika Washington State University mwaka 1976, alikuwa ametafutwa na timu ya kocha John Chaplin. Miaka miwili baadaye, akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alipita njia ya namna hiyo hadi chuo cha Texas kilichoko El Paso, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow.

Mwaliko wa kocha, hata hivyo, si udahili. Kijana bado atapimwa alama za sekondari, na ofisi ya chuo ndiyo inayotia sahihi. Lakini uzito wa kocha ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika kesi ya Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, takwimu zilionyesha kwamba waombaji walioitwa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86 hivi, katika chuo kinachokataa karibu kila mtu. Na Harvard, kama wenzake wa kundi la Ivy, haitoi senti kwa ajili ya michezo: humlipia mwanafunzi kulingana na uwezo wa familia. Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti, mlango na mfuko. Mahali pengine mchezo hufungua mlango tu. Mahali pengine ndio unaojaza mfuko. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa Kenya mwaka 2004 na mwandishi John Manners na mkimbiaji wa zamani Mike Boit, ulielewa tofauti hiyo vizuri: ulichukua vijana wenye alama za juu kabisa za mtihani wa taifa, ukawapima na mbio za mita 1,500, kisha ukawasaidia kuomba vyuo hivyo visivyolipia michezo.

Mkongo aliye maarufu kuliko wote katika habari hizi alikwenda kinyume. Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 kwa burse ya masomo ya shirika la misaada la Marekani, USAID, akitaka kuwa daktari. Alidahiliwa Georgetown kwanza, kikapu kikaja baadaye: kocha John Thompson ndiye aliyemwita katika timu, na msimu wake wa kwanza ukawa 1988–89. Alimaliza mwaka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia. (Mwenzetu kabisa! Sielewi kwa nini jina lake halitajwi kwenye mihadhara ya mwaka wa kwanza.) Burse yake haikutegemea goti lake, na hiyo ndiyo tofauti ninayotaka isipotee.

Inapotea katika neno. Kwetu Katanga hatusemi “ufadhili”. Tunasema burse, kutoka Kifaransa. Asili yake ni bursa ya Kilatini, mkoba wa fedha. Neno hilohilo, kwa njia ya Kiingereza, limewapa Wakenya “basari”. Lakini Katanga ilikuwa na bourse nyingine kabla ya ile ya wanafunzi. Mwaka 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu vijijini na kuwaleta migodini. Ufaransa jina hilo lilikuwa la nyumba ya vyama vya wafanyakazi. Hapa likawa la mwenye kuwasaka. Shinkolobwe, kilomita kama 20 kutoka Likasi, ilipoanza kuchimbwa na Union Minière mwaka 1921, watu wa migodi ya kampuni hiyo walikuwa wameshazoea njia ya kuandikwa kazi. Madini yenyewe yalifika Marekani wakati wa vita bila kuombewa visa.

Sidai kwamba kijana wa leo akisikia “burse” anakumbuka mwaka 1910. Ninachodai ni kwamba sarufi ya kuchukuliwa haijabadilika. Likasi utasikia: “Balimubeba ku Amerika juu ya basketi.” Kiswahili chetu hakipendi sana kiambishi -w- cha kutendwa, hutumia ba-, “wao”, mahali pake. Wao ni nani? Chuo? Kocha? Yule bwana wa katikati anayedai fedha za kutafsiri vyeti? Sentensi haisemi. Sanifu nayo haitusaidii: “alichukuliwa” inaficha mtendaji vilevile, ila kwa adabu zaidi.

Na “ufadhili” una kasoro yake. Mzizi wake ni fadhila, na fadhila haidaiwi. Burse ya michezo hudaiwa kila siku: mazoezi, safari, alama za darasani. Kuanzia 1973 hadi 2012 vyuo vya daraja la juu la michezo Marekani vilikatazwa kuahidi zaidi ya mwaka 1 kwa mara moja. Tangu hapo vimeruhusiwa kuahidi miaka kadhaa, na kuruhusiwa si kulazimishwa. Tangu Julai 2025 vinaweza pia kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, lakini mgeni mwenye visa ya masomo anabanwa na masharti ya kufanya kazi. Fadhila gani hiyo yenye masharti mengi hivi?

Kwa faharasa ambayo kitivo kinaendelea kuijadili, napendekeza “burse ya mkataba” kwa ile inayolipia mchezo, na “burse” peke yake ibaki kwa ile ya Mutombo. Watetezi wa sanifu watasema burse ni Kifaransa. Basi wakubali pia kwamba basari ni Kiingereza.

Nimewasomea vijana wawili wachezaji wa Likasi barua moja ya chuo, nikiitafsiri kwa njia mbili. Kwa “ufadhili” waliuliza ndege inaondoka lini. Kwa “burse ya mkataba” mmoja aliuliza, na ukivunjika mguu?