MBWA WA KUWINDIA NA HALALI YA WINDO LAO

Swali tutakalolitazama mwezi huu limetoka Kagerankanda, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Kijiji hicho chapakana na msitu wa hifadhi, na mbele yake, upande wa mashariki, liko pori la akiba la Moyowosi na mabwawa ya mto Malagarasi. Mwenye kulima mahindi, maharage na mihogo mahali kama hapo hulima pamoja na majirani asiowaalika: nguruwe-mwitu usiku, nyani mchana, na nungu wachimbao mihogo. Kwa hiyo mbwa huko si pambo la nyumba.

Kijana mmoja wa kijiji hicho ameniandikia kwamba anafuga mbwa watano, naye hulala nao katika dungu kandokando ya shamba. Alfajiri moja mbwa hao walimfukuza nsya aliyekuwa akila maharage, wakaingia naye vichakani. Alipowafikia, nsya alikuwa amekwisha kufa, na kati ya mbwa aliwakuta sita. Wa sita alikuwa wa jirani. Kijana akakataa kuila nyama ile. Jirani alikasirika kwa kuwa alikwisha kuihesabu nusu yake, na mzee wake mwenyewe akamwambia: “Kwanza mwalimu alitukataza mbwa; sasa mbwa wamerudi, nawe watukataza nyama.” Kijana anauliza kama alifanya sawa.

Ndugu msomaji, kabla ya kujibu yanipasa niseme kwamba mwalimu anayetajwa ni mimi. Miaka kumi na minane iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana katika wilaya ya Kasulu, nilifika kwa mzee huyo nikawaona mbwa wake wamelala mlangoni. Nikamwambia kwamba nyumba ya Mwislamu haina mbwa. Mzee hakubishana, aliwagawa wote juma lile lile. Msimu ule nguruwe-mwitu waliingia katika mahindi yake yaliyoanza kukomaa, na kwa usiku mbili hapakubaki kitu cha kuvuna. Niliyapata hayo kwa watu wengine, maana yeye mwenyewe hakuniambia neno. Nilikuwa nimesoma nusu ya mlango nikafundisha kama niliyesoma kitabu kizima.

Mlango wenyewe ni huu. Hadithi zilizo sahihi zaeleza kwamba afugaye mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini hadithi hizo hizo zawatoa katika hukumu hiyo mbwa wa kuwinda, mbwa wa kulinda mifugo na mbwa wa shamba. Nami nilimkuta mzee ana mbwa wa shamba. Kuhusu chombo kilichorambwa na mbwa, tumefundishwa kukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo ni fundisho la kuosha vyombo; halisemi kwamba mnyama huyo afukuzwe. Basi mbwa alale nje, awe na chungu chake mwenyewe, na mahali pa kusalia pawekwe mbali naye. Haya yalitosha kumwambia mzee yule.

Sasa tuje kwenye windo. Kurani Tukufu yalieleza jambo hili katika Sura Al-Maida, aya ya 5 (kwa hesabu ianzayo na Bismillahi). Hapo twahalalishiwa kile wanachotushikia wanyama wa kuwindia tuliowafundisha, tena tulitaje jina la Mwenyezi Mungu. Neno la Kiarabu lililotumika kwa wafundishao wanyama hao, mukallibina, latokana na kalbu, yaani mbwa. Na aya yaongeza kwamba ujuzi wenyewe wa kumfundisha mnyama ni katika aliyotufundisha Mungu. Tazama jinsi kazi ya mtu aliye porini na mbwa wake ilivyotiwa katika elimu itokayo kwa Mungu!

Maelezo zaidi twayapata kwa Adi bin Hatim r.a., mtu wa kabila la Tayy, ambaye baba yake alisifika Arabuni kote kwa ukarimu. Adi alikuwa Mkristo kabla ya kusilimu, na watu wake walikuwa wawindaji. Akamwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. maswali ya mtu aijuaye kazi. Majibu aliyopata, yaliyomo katika Bukhari na Muslim, ni kama yafuatavyo kwa maana yake. Ukimtuma mbwa wako aliyefundishwa, nawe umelitaja jina la Mungu, kula alichokushikia hata kama amekiua. Ukimkuta mnyama angali hai, mchinje. Mbwa akiwa amekila, usile, kwani huenda alijishikia mwenyewe. Na ukimkuta mbwa mwingine pamoja na wako, nawe hujui ni yupi aliyeua, usile, kwa sababu jina la Mungu ulilitaja juu ya mbwa wako tu.

Hapo kijana wetu amejibiwa karibu neno kwa neno. Tena kwake pana sababu nyingine: kwa maelezo yake, mbwa waliruka wenyewe kutoka dunguni, yeye hakuwatuma wala hakutaja jina lo lote. Basi alifanya sawa. Nyama aliwaachia mbwa, na hilo nalo halina lawama.

Kuhusu mbwa aliyeonja windo, wanazuoni hawakuafikiana. Imamu Malik aliona ruhusa ya kula. Wengi wengine waliishika hadithi ya Adi, nami naona njia yao ni salama zaidi. Hali kadhalika walizungumza juu ya ni lini mbwa huitwa aliyefundishwa. Mafakihi wa Kishafii wanataka aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, na asile windo, na hayo yarudiwe mpaka ijulikane kuwa ni tabia yake. Wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa waliweka mara tatu za kujizuia kula.

Yote haya, msomaji, hutegemea namna mbwa wanavyotunzwa nyumbani, na hapa wengi hukosea. Mbwa mwenye njaa hawezi kushika kwa ajili ya bwana wake. Nimewaona watu wakiwanyima mbwa chakula siku mbili ili wawe wakali, kisha wakishangaa windo limeraruliwa kabla hawajafika. Mlishe mbwa jioni iliyotangulia, ugali uliochanganywa na dagaa au mifupa iliyochemshwa, asubuhi umpe maji tu. Matumbo mabichi usimpe, kwa kuwa huleta minyoo ambayo hatimaye yaweza kuwafikia watoto wako.

Kundi la wanne au watano latosha kabisa. Wakizidi hapo hawasikii sauti ya mtu bali husikilizana wao kwa wao. Miongoni mwao pawepo mmoja mzee, mara nyingi jike, ambaye wengine humfuata. Ukimtii huyo na wengine wametii. Mwanambwa wa miezi sita hivi hupelekwa nyuma yake akajifunze. Kila mmoja awe na jina, aitwe kwalo anapopewa chakula. Tena awekewe chakula mbele yake na azuiwe mpaka asikie neno la ruhusa. Zoezi hili dogo la kila jioni ndilo kujizuia kule walikokutaka mafakihi. Katika Rwanda na Burundi, jirani zetu wa Buha, wawindaji wamezoea kuwafunga mbwa kengele shingoni ili wajulikane walipo ndani ya majani marefu. Ni desturi nzuri, na kwa mwenye jirani mfuga mbwa ina faida zaidi: kengele zikitofautiana sauti, utajua mapema kwamba mgeni ameingia kundini.

Magonjwa mawili yasisahauliwe. Nchi ile ina mbung'o. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha Waha wengi kwenda makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mbwa naye hushikwa na ugonjwa wa namna hiyo, na dalili mojawapo ni jicho kufanya ukungu mweupe au wa buluu. Watu husema amepigwa na tawi, kumbe anakufa. Aonyeshwe bwana mifugo upesi. La pili ni kichaa cha mbwa. Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Limebaki jambo ambalo kijana hakuliuliza, lakini siwezi kulipita. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, inakataza kuwinda kwa kutumia mbwa pasipo idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Kwa hiyo masharti ya Adi ni ya mwenye idhini. Mtu aweza kutaja jina la Mungu, akawa na mbwa waliofundishwa vizuri, na bado akarudi nyumbani na kosa mkononi, kwani kutii sheria ya nchi nako tumeamrishwa. Asiye na idhini, mbwa wake ni wa kulinda: wabweke, wafukuze, wakomee mpakani mwa shamba. Kumfundisha mbwa akomee mpakani ni kazi ngumu kuliko kumfundisha kukimbiza, lakini hufundishika. Tembea naye mpakani kila jioni, na kila avukapo umrudishe kwa jina lake.

Basi, kijana wangu, usigombane na jirani. Nenda kwake na mtu mzima mmoja, mpatane kwamba usiku wa kuamia mmoja wenu akitoa mbwa, mwingine awafunge wake. Na mzee umpe salaam zangu nyingi. Mwambie kwamba neno nililomwambia mlangoni mwake juu ya mbwa nimeliondoa, na kwamba mahindi ya msimu ule sijayasahau. Nikija likizo nitafika kumwomba radhi kwa mdomo wangu.