SOMO KWA MAKATIBU: KUPIMA KASI YA INTANETI KATIKA OFISI YA CHAMA

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wajumbe wa Bodi wataweza kupima kasi ya intaneti ya ofisi yao, kutambua mahali palipo na hitilafu, na kuamua kwa hoja iwapo fedha za wanachama zitumike kununua huduma zaidi au la.

1. Kwa nini chama kipime

Katika miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, ambalo Mara ilikuwa sehemu yake, walichoshwa na mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo wake, akaambiwa uzito, akapokea fedha, naye hakuwa na njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Wakulima wakaamua kuwaweka watu wao wenyewe wa kuhakiki mizani. Kutokana na harakati hizo vilichipuka vyama vya msingi vingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Kwa hiyo ushirika wa pamba katika kanda hii ulianza na swali moja rahisi: je, kipimo hiki ni cha kweli?

Leo swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Taarifa za chama hupelekwa kwa njia ya Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa katika daftari la kidijiti. Malipo, barua na nyaraka za ukaguzi nazo hupita humo humo. Intaneti imekuwa chombo cha kazi kama ilivyo mizani, nayo hununuliwa kwa fedha za wanachama. Hata hivyo, vyama vingi huinunua pasipo kuipima.

Madhara ya kutopima ni mawili. La kwanza ni upotevu wa fedha: kazi ikichelewa, Bodi huidhinisha kifurushi kikubwa zaidi, kumbe kasoro haikuwa katika kifurushi. La pili ni kupotea kwa imani. Mwanachama aliyetembea kutoka kijiji cha mbali huambiwa, “Mtandao unasumbua, rudi kesho.” Huenda ni kweli, huenda pia ni kisingizio cha uzembe. Pasipo kipimo kilichoandikwa, mwanachama hawezi kujua, na katibu mwaminifu hana namna ya kujitetea.

2. Vipimo vitatu na maana yake

Kipimo cha kwanza ni kasi ya kupakua, yaani wingi wa habari zinazoingia ofisini kwa sekunde moja. Cha pili ni kasi ya kupakia, yaani wingi wa habari zinazotoka ofisini kwa sekunde moja. Aghalabu kasi ya kupakia huwa ndogo kuliko ya kupakua. Watu wengi hutazama ile ya kupakua peke yake, ilhali katibu anayepeleka taarifa na nakala za vitabu vya hesabu hutegemea zaidi ile ya kupakia.

Cha tatu ni ucheleweshaji, yaani muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi. Hupimwa kwa milisekunde, na milisekunde 1000 ni sawa na sekunde moja. Ucheleweshaji ukiwa mkubwa, kila kitufe kinachobonyezwa huchukua muda kujibu, hata kama kasi ya kupakua ni nzuri.

Hapa yapasa kuonya juu ya kosa moja la hesabu. Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), lakini ukubwa wa nyaraka na wa vifurushi hutajwa kwa megabaiti (MB). Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo waraka wenye megabaiti 3 una megabiti 24. Ukipakiwa kwa kasi ya Mbps 3 utachukua sekunde 8, wala si sekunde moja. Katibu asiyejua tofauti hii atadhani amepunjwa hali hakupunjwa.

3. Safari ya intaneti na mahali pa hitilafu

Wakazi wa Mugumu hupata maji kutoka Bwawa la Manchira. Bomba la nyumbani likitoa maji kidogo, sababu yaweza kuwa moja kati ya nne: koki yenyewe ni mbovu, bomba la uani limeziba, majirani wengi wanachota kwa wakati mmoja, au kuna shida huko kwenye chanzo. Mwenye nyumba anayebadilisha koki wakati shida iko kwenye chanzo amepoteza fedha yake.

Intaneti nayo ina sehemu nne zinazofanana na hizo.

(a) Kifaa: kompyuta au simu yenyewe. Kompyuta ya zamani iliyofungua programu nyingi, au inayopokea masasisho yake kimyakimya, hupunguza kasi.

(b) Ofisi: ruta, mahali ilipowekwa, na watu waliojiunga nayo. Bati na kuta nene hudhoofisha mawimbi yatokayo mnarani.

(c) Mtoa huduma: mnara na masharti ya kifurushi. Mnara mmoja hugawanya uwezo wake kwa watumiaji wote walio karibu nao, na jioni watumiaji huwa wengi. Vilevile, baadhi ya vifurushi hupunguziwa kasi baada ya kiwango fulani kutumika.

(d) Njia kuu: nyaya za nchi kavu na za baharini. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy, zilizofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, huiunganisha Tanzania na dunia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora nchini kote. Siku ile aliyezima na kuwasha ruta yake mara kumi, au aliyenunua kifurushi kipya, alijisumbua bure. Shida ilikuwa mbali mno na ofisi yake.

4. Namna ya kupima

Kanuni kuu ni hii: badilisha jambo moja tu kila mara, kisha upime tena. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoleta nafuu.

Hatua ya kwanza: Katibu afunge programu zote asizozihitaji, asimamishe masasisho, na awaombe wengine waliojiunga na ruta wajitoe kwa dakika chache. Mizani hairuhusiwi kupima ikiwa na mzigo mwingine juu yake.

Hatua ya pili: Afungue huduma ya kupimia. Fast.com ya kampuni ya Netflix na Speedtest ya kampuni ya Ookla zinatumika duniani kote, wala hazitozi ada. Hazihitaji neno la siri. Tovuti yoyote ya kupimia inayodai neno la siri la MUVU au la benki iepukwe mara moja. Ifahamike pia kwamba kipimo chenyewe hutumia kifurushi. Pale penye kasi kubwa, kipimo kimoja chaweza kula makumi ya megabaiti au zaidi. Kwa hiyo kisifanywe kama mchezo.

Hatua ya tatu: Apime mara tatu na kuandika kipimo cha katikati. Kipimo kimoja chaweza kupotosha.

Hatua ya nne: Apime mahali pengine: karibu kabisa na ruta, halafu nje ya jengo. Kasi ikiwa njema nje na mbaya ndani, jengo ndilo lenye kasoro.

Hatua ya tano: Apime kwa kifaa kingine, laini ikiwa ile ile. Kifaa cha pili kikiwa na kasi njema, kasoro ni ya kifaa cha kwanza.

Hatua ya sita: Apime kwa laini ya kampuni nyingine, mahali pale pale. Laini ya pili ikiwa njema, kasoro ni ya mtoa huduma wa kwanza au ya kifurushi chake.

Hatua ya saba: Apime kwa saa tofauti: asubuhi, mchana na usiku. Kasi ikishuka jioni peke yake, watumiaji wa mnara wamezidi.

Mwenye kutumia simu atazame pia alama iliyo juu ya kioo. Herufi E humaanisha mtandao wa kizazi cha pili, ambao kwa kawaida haufikishi hata nusu ya megabiti kwa sekunde. H au 3G ni kizazi cha tatu. Na 4G ni kizazi cha nne. Simu iliyobaki kwenye E haitaharakishwa na kifurushi chochote, hata kiwe kikubwa namna gani.

Likabaki jambo moja. Vipimo vyote vikiwa vyema, lakini mfumo mmoja tu ndio mzito, basi hitilafu i katika mfumo huo. Hutokea hasa siku za mwisho wa kupeleka taarifa, vyama vingi vinapoingia kwa pamoja. Dawa yake ni kupeleka mapema.

5. Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Chama kimoja cha wakulima katika kata ya Manchira kilikuwa na nyaraka 20 za kupeleka, kila moja megabaiti 3. Kazi ikakwama. Mjumbe mmoja wa Bodi akapendekeza kifurushi cha bei maradufu. Katibu akaomba siku moja ya kupima, akaandika hivi:

Saa 2.00 asubuhi, mezani: kupakua 1.2, kupakia 0.3, ucheleweshaji 310.
Saa 2.15 asubuhi, nje ya ofisi: kupakua 9.6, kupakia 3.2, ucheleweshaji 70.
Saa 2.30 asubuhi, mezani, laini ya kampuni nyingine: kupakua 1.0, kupakia 0.3, ucheleweshaji 290.
Saa 2.00 usiku, nje ya ofisi: kupakua 2.1, kupakia 0.9; ucheleweshaji 150.

Daftari hilo lasema nini? Laini zote mbili ni dhaifu mezani, lakini laini ya chama ina nguvu nje. Basi kasoro si ya kampuni wala ya kifurushi. Ni ya jengo. Usiku kasi hushuka hata nje. Basi mnara huelemewa.

Ruta ilikuwa ndani ya kabati la chuma, kwa kuogopa wezi. Ikahamishiwa juu ya ukuta kando ya dirisha linaloelekea mnarani, ikafungwa kwa kitasa ili isiibwe. Mezani kukapatikana kasi ya kupakia ya 2.8. Nyaraka ambazo zingechukua dakika 26 na zaidi, hata kama mawasiliano yasingekatika, zikaenda kwa muda usiofika dakika 3. Bodi haikununua kifurushi kipya. Ikaazimia pia kwamba taarifa zote zipelekwe kabla ya saa 4 asubuhi.

6. Wajibu wa kila mmoja

Katibu afungue daftari la vipimo lenye safu za tarehe, saa, mahali, laini, kupakua, kupakia, ucheleweshaji na maelezo. Kipimo kimoja kwa juma kinatosha, pamoja na siku yoyote ambayo kazi imekwama.

Bodi isiidhinishe gharama mpya ya intaneti kabla ya kuliona daftari hilo. Kamati ya Usimamizi nayo ilikague kama inavyokagua vitabu vingine.

Ikithibitika kwamba kosa ni la mtoa huduma, katibu ampelekee malalamiko pamoja na vipimo, tarehe na saa, na adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Asiporidhika na majibu, anayo haki ya kulifikisha kwenye Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Malalamiko yenye tarakimu husikilizwa. Manung’uniko matupu hayana pa kushikwa.

Mwanachama, kwa upande wake, anapoambiwa kwamba mtandao unasumbua, anayo haki ya kuuliza kwa adabu: daftari la leo linasemaje? Katibu aliyepima atamwonyesha pasipo kuona haya, na wote wawili wataagana kwa amani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Waraka wa megabaiti 5 utachukua sekunde ngapi kupakiwa kwa kasi ya Mbps 2?
2. Kasi ya chama ni njema asubuhi na mbaya jioni, mahali pale pale na kwa kifaa kile kile. Hitilafu yaelekea kuwa wapi? Chama kifanye nini pasipo gharama?
3. Ruta ya chama chenu imewekwa wapi, na kwa sababu gani?
4. Katika miezi sita iliyopita, chama chenu kimelipa kiasi gani kwa intaneti? Kiasi hicho kiliamuliwa kwa kipimo gani?

(Jibu la swali la 1: megabaiti 5 ni megabiti 40, kwa Mbps 2 ni sekunde 20.)